Rangi ya Shemeji

Gari lilianguka kwa sababu nilikuwa nasukuma kabati peke yangu. Kabati lile lilikuwa la kushikwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, na huyo wa kule alikuwa ameshakufa. Nilitaka lisogee kidogo tu, nipate nafasi ya kuweka meza yangu ya kazi karibu na dirisha. Nikaegemeza bega, nikasukuma. Mguu wa kabati ukanasa kwenye ufa wa sakafu, na huko juu nikasikia kitu kikiteleza. Sikuwahi hata kuinua mkono. Niliona wekundu ukipita mbele ya uso wangu, na mshindo uliofuata wala haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayevunja fungu la vijiti gotini.

Kisha magurudumu yakaanza kutembea. Moja liliingia chini ya kochi. Jingine lilibaki pale sakafuni likizunguka taratibu, kama halina habari ya yaliyotokea, mpaka likachoka na kulala ubavu. Nikakaa chini katikati ya vipande. Tangu tulipomzika mume wangu sikuwa nimelia kwa sauti. Watu walinisifu kwa uvumilivu, na mimi nikaamini sifa zao. Siku hiyo nililia mpaka jirani akagonga ukuta.

"Kwema huko?"

"Kwema!" nikamjibu. "Ni kabati tu."

Nilikusanya vipande kwenye beseni la kufulia, hata kile kidogo cha ukubwa wa ukucha wa mtoto, nikafunika beseni kwa taulo kama vile ndani kuna kitu kinachoweza kuona aibu.

Lilikuwa gari la mfano, lakini si la kuchezea. Lilikuwa refu kupita mkono wangu kuanzia kiwikoni hadi ncha za vidole. Lilifanywa kwa mfano wa magari ya kizamani ambayo vijana wa enzi hizo waliyachukua yakiwa mabovu, wakayakata paa likae chini, wakayavua boneti na madigadi, wakayapachika injini kubwa kuliko vifua vyake, ili yakimbie kuliko akili ya dereva. Hotrodi, ndivyo mume wangu na mdogo wake walivyoyaita, kwa sauti ya watu wanaomtaja mpenzi wa ujanani. Injini ilikaa nje, wazi, silinda nne upande huu na nne upande ule, mabomba ya ekzosi yakitoka ubavuni kama mbavu. Milango ilifunguka. Ukizungusha usukani kwa kidole, magurudumu ya mbele yalikata kona. Na pembeni, kutoka puani hadi nyuma ya mlango, kulikuwa na miali ya moto, rangi ya chungwa iliyofifia polepole ikawa manjano, ncha zake nyembamba kama kope.

Ndugu wale wawili walilijenga mwaka nilioolewa. Mume wangu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, mdogo wake mpiga rangi, karakana moja, mlango mmoja. Mkubwa akigonga na kunyoosha, mdogo akipiga msasa na kupaka, na watu walisema gari likishapita mikononi mwao, hata aliyeligonga hawezi tena kuonyesha alipogonga. Sasa mimi naingia nyumbani na masanduku yangu ya bibi harusi, nakuta meza ya kulia imekaliwa. Injini hapa, viti vidogo pale, makopo ya rangi yamepangwa ukutani, na wanaume wawili wameinama vichwa vinagusana. Tulikula sahani zikiwa mapajani miezi na miezi. Nikaanza kuliita gari lile mke mwenzangu.

"Shemeji," mdogo wake angesema akiwa bado mlangoni, kabla hajavua viatu, "mke mwenzio ameamkaje?"

"Yeye ameamka salama. Mimi ndiye sina meza."

Tukacheka. Nyumba ile ilikuwa na kicheko zamani, nalisema hili kwa sababu ukiingia leo huwezi kulidhania.

Walikuja kuachana kwa jambo ambalo halikuhusu gari wala karakana. Mama mkwe alifariki wakati shemeji yuko mji wa mbali, amechukua kazi ya kupaka mabasi. Akapelekewa habari. Akajibu: nisubirini, niko njiani. Mume wangu ndiye aliyekuwa mkubwa, neno lilikuwa lake, na asubuhi ile hakusubiri. Tulizika. Shemeji alifika alasiri, watu wanarudisha viti vya kuazima, begi bado liko begani. Alikwenda moja kwa moja akasimama mbele ya kaka yake.

"Hukuweza kunisubiri?"

"Tulikuwa tumeshachelewa," mume wangu akasema.

Nilidhani watapigana, na hadi leo naona heri wangepigana. Shemeji aligeuka na begi lake, akaenda zake. Kesho yake alikwenda karakana kuchukua bunduki yake ya kunyunyizia rangi na barakoa, basi. Tangu siku hiyo ndugu wale hawakusemezana tena. Miaka ikapita hivyo, nywele zikabadilika rangi, binti yangu akakua na kuolewa mbali, na baba yake mdogo akawa mtu anayemwona kwa bahati ng'ambo ya barabara. Mume wangu alipokufa, shemeji alikuja. Alisimama nje ya geti. Aliniinulia mkono, nami nikamwinulia wangu, na alipoona jeneza limepita akaondoka.

Ndiyo maana lile beseni lilinikosesha raha. Gari ndilo lililokuwa limebaki la wawili wale wakiwa bado wawili, na mimi ndiye niliyeliangusha.

Nilimsimulia binti yangu kwenye simu. Nyuma yake watoto walikuwa wanagombania kitu.

"Lakini mama, si plastiki tu? Tutakununulia jingine, zima."

"Ahsante, mwanangu."

"Unakula vizuri?"

"Nakula."

Nikakata simu, nikaenda kufunua taulo.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Daktari huchukua umbo la kinywa cha mgonjwa, hunitumia, nami namwaga plasta, nachonga nta, napanga meno, nasaga, nang'arisha. Nina koleo ndogo za kushika unywele, nina brashi za manyoya matatu, nina drili inayolia kama mbu. Nikajiambia, mtu anayeweza kumrudishia bibi kizee kicheko chake atashindwa na gari lisilotafuna? Nikaanza. Alasiri baada ya alasiri, nikishamaliza meno ya watu, nilikaa na beseni. Niliunga mabomba ya ekzosi yaliyokatika. Bomba moja halikuonekana kabisa, nikalichukulia umbo kutoka kwa mwenzake, nikalimwaga upya. Uso wa radieta ulikuwa umesagika. Nikauchonga kwa nta, ufito kwa ufito, nikaukamilisha kwa plastiki ileile ninayotengenezea meno, na ulipotoka kwenye plasta ulinikenulia mpaka nikacheka peke yangu chumbani. Nyaya za plagi zilikuwa zimekatika zote. Nilichukua uzi wa kusafishia meno, nikautia wino mweusi, nikaukata vipande, nikavipitisha kimoja kimoja kutoka kwenye distributa hadi kwenye kila silinda, na vilikaa pale vikipindana vizuri utadhani vinasubiri moto upite. Viti nilivivika ngozi ya mkoba wangu mkuukuu.

Nilikuwa naongea nalo, sitaficha. "Tulia, bibi," nilimwambia mke mwenzangu. "Tulia nikutie pua."

Nilipofika kwenye bodi ndipo nilipokwama. Ilikuwa imepasuka kutoka kwenye kioo hadi mlangoni. Nikaiunga, nikaijaza puti, nikaisawazisha. Lakini rangi! Wekundu ule haukuwa wekundu wa dukani. Shemeji aliupika mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, ukiutazama ulikuwa na kina kama maji. Nilijaribu kuchanganya rangi nilizonazo, na rangi nilizonazo mimi ni za fizi. Nilipopaka kipande kimoja, nikarudi nyuma kutazama, nikaona gari limepata ufizi. Waridi kabisa, ufizi wenye afya njema. Nikakaa kitako.

Nikajua nitakakokwenda. Nilikuwa nimejua tangu siku ya kwanza. Mikono tu ndiyo iliyokuwa inanipa kisingizio.

Shemeji alikaa kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana iliyofungwa. Nilimkuta kwenye kibao nje ya mlango, amevaa sweta ingawa jua lilikuwa linawaka. Alikuwa amepungua. Mabega yalikuwa yaleyale, lakini vilivyoning'inia humo vilikuwa vichache. Hakuwa na mke. Aliwahi kuwa naye, akaondoka, na shemeji alisema tu kwamba nyumba haikumtosha. Aliponiona alisimama, akanipa kibao chote, yeye akakaa kwenye tairi.

"Karibu, shemeji. Kwema?"

"Kwema. Gari limevunjika."

Hakuuliza gari gani. "Nani amelivunja?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa polepole. "Afadhali."

Nilimweleza nilipofikia. Nilipotaja uzi wa meno, pembe ya mdomo wake ilisogea. Nilipomwomba rangi, ikarudi mahali pake. "Mimi sipaki tena, shemeji. Kifua kimekataa. Na mikono hii," akainyoosha mbele yangu, nikaiona inatetemeka kama majani ya juu, "hii sasa ni ya kushikia dawa tu." Akakohoa, akageukia pembeni kwa adabu. Nikakaa kidogo, nikaaga. Njiani nilijilaumu kwa kwenda kumwonyesha mgonjwa kitu asichoweza tena.

Jumapili iliyofuata, alasiri, mlango ukagongwa. Alikuwa amesimama kizingitini, na kifuani amekumbatia kitu kilichoviringishwa shuka kuukuu. Bunduki ya rangi. Ilikuwa miaka mingi hajaingia nyumba ile. Alivua viatu, akapita sebuleni akitazama sakafu, akaipita picha ya kaka yake ukutani kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua, na alipofika chumba changu cha kazi ndipo akainua uso.

"Lete tuone."

Aliipeleka bodi dirishani. Akaigeuza huku na huku, akailaza ili mwanga uitambae. Alikaa hivyo muda mrefu, hata nikadhani amekasirishwa na ule ufizi wangu. Kisha akaweka kidole kwenye mlango wa kushoto, ambao haukuwa umeguswa na ajali wala na mimi.

"Hii si kazi yangu."

"Ni yako, shemeji. Nilikuwepo ukiichora."

"Huku kote, ndiyo. Hapa mlangoni, hapana. Njoo utazame."

Nikainama. Miaka yote ile nimelipangusa gari vumbi, na sikuwahi kuona. Mwali wa mlangoni ulikuwa mnene kuliko wenzake. Chungwa haikufifia kuwa manjano. Iliishia ghafla, kama barabara ya lami inapokata. Kingo zilisitasita.

"Mkono wa fundi bodi huu," alisema shemeji. "Amebandika rangi kama anaziba tundu." Akachukua kisu changu cha nta, akakwaruza kidogo pembezoni mahali palipobanduka. "Tena hakupaka mara moja. Unaona haya matabaka? Amepaka, ameona vibaya. Amepaka tena juu yake. Na tena."

Hapo nikakumbuka. Niliwahi kusafiri kwenda kumwangalia binti yangu alipojifungua, na niliporudi nyumba ilikuwa inanuka thina ya kuyeyushia rangi. Nilipouliza, mume wangu akasema alikuwa anasafisha brashi. Brashi zipi, sikujua, na sikufuatilia. Nilikuwa na picha za mjukuu za kumwonyesha. Basi alikuwa amelikwaruza. Amelikwaruza gari, na anayeweza kulitengeneza anakaa mwendo mfupi tu kutoka pale, na yeye akaona afadhali akae peke yake kwenye nyumba tupu, mtu mzima mwenye mikono ya nyundo, anajifunza kuchora kope.

Nilimwambia shemeji. Aliomba maji kwenye bakuli na msasa laini.

"Utaitoa?" nikamuuliza.

"Kazi mbaya ni kazi mbaya, shemeji."

Akalowesha msasa, akaanza. Msasa haukujali mikono inayotetemeka. Alisugua kwa duara ndogo, bila haraka, akiosha, akitazama, akisugua tena, na maji ya bakuli yakawa ya chungwa. Mimi nilikuwa ng'ambo ya meza nasafisha rimu, ili nisimtazame. Hapo ndipo aliponiuliza, macho yake yakiwa kwenye mlango ule.

"Asubuhi ile ya mama. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Kaka alisema nini? Kabla hamjaondoka kwenda kuzika."

Ningeweza kumpa chochote. Kazi yangu inanifundisha uongo wa huruma. Kila wiki namwambia mtu kwamba hakuna atakayejua kama meno yake ni ya bandia. Neno zuri lilikuwa tayari ulimini. Kaka yake amekufa, nani angenisahihisha? Lakini nilitazama yale maji kwenye bakuli, na neno likakataa kutoka.

"Alisema, 'Twendeni.'"

"Basi?"

"Basi."

"Hakunitaja?"

"Hakukutaja, shemeji."

Msasa uliendelea. Duara, duara. Nilifikiri nimemuua. Kisha akavuta pumzi ndefu, kadiri kifua kilivyomruhusu, akaweka msasa kando.

"Shangazi aliniambia kaka alilia akiita jina langu. Jamaa mmoja muuza vipuri akaniambia alisimama barabarani akinitazamia mpaka jua likamchoma. Mwingine akasema alizimia, ikabidi wammwagie maji." Alicheka bila sauti. "Kila mtu na yake. Miaka yote wananipaka rangi tu. Wewe ndiye wa kwanza kunionyesha bati."

"Lakini moyoni mwake sikuwemo," nikasema. "Sijui alikuwa na nini humo."

"Hata mimi sikuwemo."

Akachukua tena msasa. Alisugua mpaka jua lilipoacha dirisha, na alipoondoka mlango ulikuwa mtupu, laini kama yai. Aliupitisha kidole gumba, kutoka juu hadi chini, polepole kabisa, kama unavyompapasa mtoto aliyekwisha kulala, kisha akanirudishia.

Jumapili zikafuatana. Aliupika ule wekundu kwenye vikopo vyangu vya plasta, akionja kwa jicho, akiongeza tone, akilaani, akiongeza tena. Tulipaka uani, upande usio na upepo, miali iliyosalia tumeifunika kwa utepe, yeye amejifunga barakoa mbili. Bunduki ya rangi haikumwonea huruma, mikono yake haikutulia hata kidogo, lakini wekundu ni wa eneo kubwa, unasamehe. Tabaka la kwanza lilikuwa jambo la kutisha, kama kidonda. La tatu likaanza kuwa na kina. Mwisho aliponyunyizia vanishi ya juu, nikaona dirisha langu lote limo ndani ya gari, na sisi wawili tumesimama humo, wadogo, vichwa vimepinda.

Ikabaki miali ya mlango wa kushoto. Alishika brashi, akaipeleka, akairudisha. Akaipeleka tena. Ncha ya brashi ilikuwa inaandika angani mambo yake yenyewe. Akanikabidhi.

"Chora wewe."

"Mimi? Mimi nachora meno."

"Umeniambia unachora vimishipa kwenye fizi, watu wasijue. Huu ni mshipa tu, una homa." Akasogeza kiti chake karibu na changu. "Weka kiwiko mezani. Vuta pumzi. Sasa itoe, na huku unaitoa, shuka. Usirudi nyuma. Ukikosea, kosea unakwenda mbele."

Nikachora. Sauti yake ilikuwa karibu na sikio langu, inanuka dawa ya kifua, inasema shuka, shuka, sasa nyepesi, nyepesi, uachie. Sikuwahi kukaa karibu hivyo na mtu tangu mume wangu alazwe. Nilipomaliza mgongo ulikuwa umelowa jasho.

Aliinua bodi, akaipeleka kwenye mwanga. Miali yangu ilikuwa sahihi, chungwa ilififia inavyopaswa. Lakini ilipinda kidogo kwa namna yake, ilikuwa na haya fulani. Ukitazama upande wa kulia na huu, uliona watu wawili.

"Na hii pia si kazi yangu," akasema.

"Mbaya? Tuisugue?"

"Si mbaya. Ni ya mtu mwingine." Akaiweka chini. "Iache."

Siku tulipolifunga magurudumu na kulisimamisha mezani, nilizungusha usukani kwa kidole, gari likakata kona. Nilimwambia alichukue. Kwa kweli nilitaka alichukue. Lilikuwa lake zaidi kuliko langu.

"Chumba changu kina nafasi ya mmoja," akasema. "Likiingia, mimi nitoke. Mwache mke mwenzio akae kwake." Akaiviringisha bunduki ya rangi kwenye shuka lake, akavaa viatu, akashukuru kwa chai.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Na kwa nini angekuja? Gari lilikuwa zima. Nilikuwa nimezoea kutoa vikombe viwili, na mkono wangu uliendelea kuvitoa, nikawa narudisha kimoja kikavu. Ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa mpweke muda mrefu kabla ya hapo, ila nilikuwa sijakijua kipimo cha upweke wenyewe. Mtu asiyetarajia mlango kugongwa hausikii ukinyamaza. Mimi sasa niliusikia. Niliketi na gari langu zuri, kila nati mahali pake, nikawaza kwamba labda nililifanyia haraka, labda lile bomba moja lingeweza kumwagwa upya. Nilifikiria kwenda kwake. Lakini ningesema nimekuja kwa lipi? Mjane na shemeji yake, watu wana midomo. Na tusidanganyane, hatukuwahi kukaa pamoja bila kitu kilichovunjika katikati yetu. Sikujua kama tunaweza.

Siku hizi naye hayupo. Kifua kilimkataza kupaka, kikamkataza ngazi, kikamkataza mengine yote. Mimi ndiye niliyesimamia mazishi, na nilimsubiri kila aliyesema yuko njiani, hata wale ambao kila mtu alijua hawatakuja. Gari bado ninalo. Wageni wakiliona hutazama kwanza injini, wanashangaa vile vijinyaya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba milango yake haifanani.

Lakini kabla ya hayo yote alirudi. Ilikuwa siku ya kazi, katikati ya wiki, mawingu yameshuka. Mlango ukagongwa, nikakuta amesimama pale mikono mitupu.

"Nilikuwa napita, shemeji."

Nyumba yangu iko mwisho wa mtaa, na mtaa wenyewe umezibwa na ukuta wa ghala. Hakuna mtu anayepita kwangu. Mtu anakuja kwangu au haji.

"Karibu," nikasema.

Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa chumba cha kazi. Hakulitazama gari. Nilikuwa na meno ya mwalimu mmoja mstaafu ya kumaliza, yanasubiriwa, nikamwambia aniwie radhi nifanye huku tukiongea, naye akasema fanya, fanya, nisikuharibie. Tuliongea juu ya mvua, kama itanyesha au inatutania tu. Tuliongea juu ya goti langu. Akaniuliza mjukuu ana umri gani sasa, nikamwambia, akasema "Ala!" kisha nilipogeuka kumwambia jambo jingine nikakuta kidevu kimeshuka kifuani, na mikono imelala mapajani imetulia.

Drili ilikuwa inalia. Nikaizima. Nikachukua msasa, ule laini, nikaendelea na jino kwa mkono, polepole, sauti yake haikupita ile ya pumzi yake. Kazi ya muda mfupi ikala alasiri nzima. Mvua ikaja, ikapita. Chumba kikaanza kuwa cheusi, sikutaka kusimama kuwasha taa kwa sababu kiti changu hulia ukiinuka.

Alizinduka mwenyewe, akafuta mdomo kwa kiganja, akatazama huku na huku kama anayehesabu yuko nyumba ya nani.

"Nimelala sana?"

"Kidogo tu," nikamwambia.